Kanga za Mwalimu Kizito

Kina mama walitandika kanga kutoka getini hadi mlangoni mwa darasa la saba ili Mwalimu Kizito apite juu yake, maana wanafunzi wake walikuwa wanaagwa. Mwanahawa, mwalimu wa darasa la kwanza, alitazama dirishani roho ikimuuma. Watoto hao aliwapokea yeye, hawajui hata kushika kalamu, akawafuta na makamasi. Leo hata soda hakuletewa.

"Mwalimu, njoo ule pilau!" mama mmoja alimwita.

"Nimeshiba," alijibu, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.

Vigelegele vilipohamia uwanjani, aliingia darasa lile akachukua dasta. Ubao mzima, kila mwanafunzi alikuwa ameandika mstari wake: Tunakushukuru, Mwalimu Kizito. Angeufuta wote, moyo upoe.

Ndipo akaziona zile herufi k. Kila moja ilikuwa na mguu mrefu unaoburuzika chini ya mstari. Hakuna kitabu kinachofundisha k ya namna hiyo. Ilikuwa yake yeye Mwanahawa, aliyoiandika hivyo tangu alipovunjika mkono.

Akairudisha dasta mahali pake. Mlangoni, kanga zilikuwa bado zimetandikwa. Mwanahawa akavua viatu.