Penye Maji Yanayoanguka

Asubuhi nzima ndoana haikuguswa. Joto lilikuwa kali, na mfereji nyuma ya mtaa wa Sparkbrook, huku ugenini, ulikuwa umelala kijani bila hata kiwimbi.

"Twende fasi maji inaangukia," mume wa Nabintu akasema. "Samaki iko kule."

Nabintu akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, mtungi wa oksijeni ukigongagonga nyuma. Mzee hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Jumapili. Alikuwa ameahidi kula samaki wa kuvua mwenyewe tu. Mzungu mmoja mvuvi aliwaona wakihangaika, akaja kuvusha magurudumu kwenye mawe, akawaachia na wavu wake bila kuombwa.

Kwenye lango la mfereji, maji yalipoporomokea, wakawakuta: sangara wadogo wenye milia na mapezi mekundu, wamesongamana juu kabisa ya maji.

"Mzee, hata ndoana hatuhitaji! Leo utakula mpaka mifupa."

Akapiga magoti, akatumbukiza wavu. Samaki hawakukimbia. Mmoja aliingia mwenyewe, akatulia humo, mdomo ukifunguka na kufumbika, kufunguka na kufumbika, mashavu yakihema haraka.

"Baache, mama," mumewe akasema nyuma yake. "Habana njala. Banatafuta pumzi."

Nabintu hakugeuka. Alijua jinsi mdomo wa mumewe ulivyokuwa saa ile, chini ya mrija wa puani. Akaushika wavu kwa mikono miwili, nusu majini, wala hakuweza kuuinua wala kuuachia.