Boti Isiyotafuta Maji

Kati ya watu watatu waliokuwemo garini, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Na bado juu ya gari, imefungwa kwa kamba za kuanikia nguo, ilikuwepo kayaki: boti nyembamba ya plastiki, rangi ya chungwa, ndefu kuliko gari lenyewe. Mkwe wa Bibi, aliyeshika usukani, aliiazima kwa rafiki yake, na hakujua hata mbele yake ni wapi.

Bibi alikaa nyuma na binti yake, mkoba mapajani. Hakuwa na pasipoti, wala haukuwa uvivu wake. Kila alipokwenda kuiomba, mashine ilikataa kumsoma vidole, maana alama zake zilifutika kwa miaka ya kufua na kusugua masufuria.

"Mashine inasema wewe hupo," aliambiwa.

Akaomba radhi kwa kutokuwepo, akarudi nyumbani.

Ng'ambo ya mpaka mdogo wake alikuwa hoi kitandani. Ujumbe ulikuwa mfupi: anakuulizia, njoo angali anatambua watu.

"Mama, kumbuka," mkwe alinong'ona wakikaribia kizuizi cha mpakani. "Maofisa wakishajisahau na boti, wewe shuka kama unanyoosha miguu. Polepole, mpaka kwenye gari la mtoto wa mdogo wako. Lile jeupe, upande wa pili, anakusubiri."

"Kuwadanganya watoto wa watu uzeeni huku," Bibi akasema. "Mungu anisamehe."

Ofisa akaja. Kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, sauti ya mtu aliyemeza sheria nzima bila kutafuna.

"Hii ni nini?"

"Boti, mkuu."

"Boti hutoka nchini kupitia bandarini. Hapa ni lami. Nahodha nani?"

Mkwe akanyoosha kidole kama mtoto darasani.

"Nanga iko wapi? Taa? Honi?"

"Honi ipo, ya gari."

"Honi ya gari ni ya gari. Usichanganye vyombo!"

Bibi akateremka. Hajapiga hatua mbili, ofisa akageuka akamwona. Akajishika kiuno, akajifanya ananyoosha miguu.

"Bibi, jua hili litakuumiza," ofisa akasema. Akaenda kibandani, akatoka na kiti chake mwenyewe na chupa ya maji, akamkalisha kando ya kizuizi. Bibi akaona haya. Mtu mkali unamhadai bila kuumia. Mwenye adabu ndiye anayekukwama kooni.

Futi ya kupimia ikaletwa. Mkubwa wa kituo akatoka na kikombe cha chai mkononi, akatamka kwamba huo ni mzigo. Ofisa akasema ni chombo. Maofisa wa upande wa pili nao wakaacha lango lao wazi wakaja kushangaa, na mmoja akaapa kwamba kwao kitu chenye tundu la kukalia huhesabiwa kuwa fanicha. Madereva wa malori wakazima injini, wakashuka kutazama sinema ya bure.

"Wewe, fanicha gani inaelea?" dereva mmoja akauliza.

"Kitanda chako cha plastiki kikitupwa mtoni kitazama?" akajibiwa, na hoja hiyo nayo ikahitaji kujadiliwa.

Kila ubishi ulipokolea, ofisa alichomoka akamwendea Bibi. "Kivuli kimekukimbia," alisema, akamwinua taratibu, akakibeba kiti, akamkalisha mbele kidogo. Jua likawa lilelile. Akarudi tena, akamsogeza tena, na safari hiyo kizuizi kikabaki nyuma yao. Bibi akamwonea huruma: maskini, sheria anazijua, jua halijui. Lakini hakumsahihisha, kwa kuwa kila kiti kiliposogea, gari jeupe nalo lilikuwa karibu zaidi.

Ghafla mkubwa akachoka.

"Ni mzigo. Leteni pasipoti za abiria wote nigonge mihuri, wapite."

Binti akamfinya mumewe kiuno.

"Haiwezekani, mkubwa!" mkwe akapiga kelele. "Makasia je? Hamjayapima makasia!"

Watu wakamtazama. Hawajapata kuona msafiri wa namna hiyo.

"Makasia yapite."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Humo ndani kuna maji ya mvua. Yamenyesha nchi hii. Yana ruhusa ya kutoka?"

Mkubwa akaweka kikombe chini polepole. Akakunja mikono ya shati. Vichwa vyote, vya huku na vya kule, vikainama kwenye tundu la kayaki.

Ofisa peke yake hakuinama. Alikuwa na Bibi, kiti begani, amemshika mkono kama anayemvusha mwali. Safari hii hakumkalisha. Mbele yao mlango wa gari jeupe ulikuwa wazi, na ndani mtoto wa mdogo wake akilia na kucheka kwa pamoja.

Bibi akashindwa kuondoka hivyo. Kijana huyu atafukuzwa kazi kwa ajili ya wema wake, naye hata hajui alichofanyiwa.

"Mwanangu," akaanza, "kuna jambo sikukuambia..."

Ofisa akainama kumweka sawa mkoba. "Bibi," akasema chini chini, "siku ya kurudi, mwambie mkweo asihangaike na boti. Wenzenu wa juzi walileta kabati tu, na lilitosha."

Akafunga mlango wa gari taratibu, akakunja uso, akageuka. "Nani kawaambia tumemaliza?" akafoka. "Ipimwe upya!"