Lango la Uchochoroni

Kwa mara ya tatu mchana huo, mzee Pyo aliacha lango wazi.

Maadui wakamiminika kwenye kioo cha kompyuta. Vijana wanne wa timu wakaguna, na mmoja akauliza kama vidole vya mzee vimeota kutu. Ilikuwa Jumapili, na ukumbi wa michezo ya kompyuta pale Daegu, Korea, ulinuka tambi za pilipili.

Kiti cha tano kilikuwa cha Han-gyeol, mwanawe Pyo, aliyekufa mwaka jana kwenye msongamano wa tamasha. Mchezoni, kazi yake ilikuwa kudhibiti umati: kuwagandisha maadui, kuwapunguza mwendo, kuwafungia uchochoroni ili wenzake wawamalize. Ligi ilikuwa na sharti lake: jina lisiloshinda hata mechi moja kwa mwaka hufutwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na baba alikuwa amekuja kuliokoa jina.

Hakuwa mzembe. Alijua umati utageukia wapi kabla haujageuka. Da-hye, nahodha wao, alimwuliza amejifunzia wapi. Akajibu kwamba ni kazini, na kwamba kazi yenyewe ameshaiacha.

Ikafika raundi ya mwisho. Maadui wote wakaingia uchochoroni, wamebanana bega kwa bega.

"Sasa, baba," Da-hye akasema taratibu. "Kitufe kimoja tu. Funga, tushinde, Han-gyeol abaki nasi."

Kidole cha Pyo kilikuwa juu ya kitufe. Kwenye kioo vijitu vilisukumana, vikipandiana migongoni. Akautoa mkono, akauweka pajani.

Mechi ikaisha. Jina la Han-gyeol likafifia kwenye orodha, likatoweka.

Yule aliyemtania akamsogezea bakuli lake la tambi. "Kula, mzee. Hata Han-gyeol alishatupotezea mechi mara ngapi."

Da-hye, macho mekundu, akamshika bega. "Usijilaumu, baba. Haya mambo ni ya vijana."

Pyo akaitikia kwa kichwa. Siku ya tamasha, amri ilipotoka kwenye simu ya upepo, alikuwa amelifunga lango la chuma bila kusita na kuliegemea kwa mgongo wa sare yake ya ulinzi, kama alivyofundishwa. Ngumi za waliokuwa ndani alizihisi mgongoni mpaka zilipokoma. Ndipo akafungua, na wa kwanza kumwangukia mikononi alikuwa Han-gyeol.