Kichujio Kilichohamia Ndani

Wateja wa hija walikuwa wanachukuliwa mmoja mmoja na wakala wa jirani, na bosi alikwishasema: "Jannat, barua pepe zote zinapita mikononi mwako. Kesho uje na maelezo, au usije."

Maelezo hakuwa nayo. Alikuwa na shaka tu. Kichujio cha barua taka kilikaa kwenye mashine nyingine, hivyo kila barua ilitoka kwenye seva, ikapita kwenye mtandao wa ofisi kwenda kukaguliwa, ndipo irudi. Mwenye kutega sikio njiani angezisoma zote.

Basi asubuhi hiyo, bila kumwambia mtu, akakihamishia kichujio ndani ya seva yenyewe, viwili hivyo vizungumze kwa soketi ya humo humo, njia isiyotoka nje ya mashine, kama mke na mume chumbani. Barua zikaingia vizuri kama kawaida. Hakuna aliyepaswa kuona tofauti.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mume wa dada yake, mhasibu wa ofisi, ndiye aliyemtafutia kazi hii.

"Shemeji, hujanywa chai? Dada yako kule Kyebando atanila mzima."

"Ahsante, shemeji."

Akaweka kikombe mezani. Akachungulia skrini.

"Leo umegusa nini kwenye mashine?"

"Kwani barua zako hazifiki?"

"Zangu zinafika," akasema upesi.

Jannat akakisukuma kikombe taratibu, akamrudishia.

"Za nani basi, shemeji, ambazo huzioni?"