Mtu wa Kusindikizwa

Hujaji alipigizwa kichwa kwenye sinki mara ya pili, jino likaruka mpaka kwenye ndoo ya kudekia.

"Siye," alisema Mjomba.

Hata kumtazama yule mtu hakumtazama. Alikuwa ameketi mlangoni mwa bafu la nyumba ya wageni, akigeuza soksi za mpwa wake ndani nje ili mshono usichubue vidole.

Tingatinga alimwachia hujaji, naye hujaji akaporomoka kama gunia lililotoboka. "Ungesema mapema, Mjomba."

"Ungeuliza mapema. Lete mguu."

Hilo jina la Tingatinga hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, shingo hana, na mlango uliofungwa kwake ulikuwa pazia tu. Ila njia ya mahujaji, isiyompiga mtu hata kibao, ilikuwa imemtoa jasho na machozi: visigino malengelenge, mapaja yamechubuka, ukucha wa kidole gumba umeng'oka. Mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea na ndiye aliyemwingiza kazini. Sasa alipitisha sindano na uzi katikati ya lengelenge, akauacha uzi humo humo ili maji yachuruzike.

"Usilichune. Ngozi yake ndiyo bandeji yake. Na kesho upake mafuta ya mgando kabla ya kuvaa soksi, si baada ya kulia."

"Sijalia."

"Jasho la macho, basi."

Kazini kwao neno kuua halikutamkwa. Hilo waliachiwa washamba. Wao mtu walimsindikiza. Mkubwa alikuwa amemwita Mjomba peke yake ofisini, na Mjomba akatoka na habari fupi: kuna mtu wa kusindikizwa kwenye njia ya hija, na kazi iishe kabla ya geti la patakatifu, maana ndani ya geti kumejaa askari. Wakishindwa, watasindikizwa wao, mjomba na mpwa.

"Kwani alikosa nini?" Tingatinga aliuliza walipokuwa wakipanda mlima.

"Mdomo. Alilewa, akaropoka kazi za watu."

Tingatinga alisonya. Watu wenye midomo hakuwavumilia hata kidogo, na alieleza kwa nini, kwa sauti ya juu, kati ya mahujaji asiowajua, mpaka kituo kilichofuata.

"Ongea nusu, pumua nusu," Mjomba alimwambia. "Na maji unakunywa kwa mafunda madogo. Usiyabugie kama ng'ombe aliyepotea."

Kituoni hapo Tingatinga aliona mwanamume mwenye kovu shavuni, anayekula akitazama mlango. Kwake ushahidi huo ulitosha. Alimburura hadi stoo, akamweka vidole chini ya mguu wa benchi, akalikalia benchi. Mlio ulikuwa kama wa kuni kavu. Wenzake yule mtu wakaja na fimbo zao za safari. Tingatinga alimvunja mmoja pua, mwingine akamtupa juu ya magunia, lakini wa tatu akamchana yeye Tingatinga paji la uso, damu ikamziba macho. Fimbo ya mwisho ilikuwa inashuka kisogoni kwake pale Mjomba alipoingiza mkono wake katikati. Kifundo kikalia. Kwa mkono uliobaki Mjomba alichukua birika la chai ya moto, na stoo ikabaki na watu wanaolia tu.

"Siye huyu naye," alisema, akimfuta mpwa wake damu.

"Sasa huyo mtu ana sura gani, Mjomba?"

"Ya kawaida. Ukimwona hutashtuka."

Ili wasijulikane, Mjomba alitaka kila kitu kifanywe kama wafanyavyo mahujaji. Kila kituo Tingatinga alinawa, akapiga magoti, akataja kwa sauti wote aliowaumiza. Mara ya kwanza alitaja kwa muda mrefu hivi kwamba foleni nyuma yake ilikaa chini.

"Na wewe?" aliuliza alipoinuka.

"Mimi bado sijamaliza. Mpigie mama yako simu. Mahujaji wote hupiga."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba miguu haiumi tena."

Akapiga, akacheka, akamsimulia mama yake mlima na soksi, na kuhusu benchi akanyamaza. Mama akaomba kusalimiana na kaka yake. Mjomba alitikisa kichwa. Alikuwa akimkata mpwa wake kucha, kwa kunyoosha, zisije zikapinda zikaingia nyamani.

Walipofika kituo cha mwisho, mahujaji wote walikuwa wameshakimbilia getini wakiimba. Banda la kunawia lilikuwa tupu. Ng'ambo ya uwanja geti lilionekana wazi, na kofia za askari chini yake. Mtu mwenye mbio angelifika kabla pumzi haijamkatika.

Tingatinga alijibwaga benchini. Visigino vilikuwa vimepona, mapaja yamekauka.

"Tumemkosa, Mjomba. Ameshaingia. Mkubwa atatusindikiza."

Mjomba alipiga magoti mbele yake. Alimkausha miguu kidole kwa kidole, polepole, kwa mkono ule mzima akisaidiwa na ule uliovimba. Akamvisha soksi. Akamvalisha viatu, akainama juu ya kamba kwa muda.

"Umetaja wote?" aliuliza.

"Wote."

"Vizuri." Hakuinua uso. "Mwanangu, uliona wapi mtu akimsindikiza aliyetangulia? Anayesindikizwa unatembea naye."

Tingatinga akacheka kidogo, kama mtu aliyechelewa kuelewa utani, kisha akatazama geti na kutaka kusimama. Kamba za kiatu cha kushoto na za kiatu cha kulia zilikuwa zimefungwa fundo moja.