Shati la Jumamosi

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Mzee Mashati, aliyekuwa ameteleka maji akajilaza tena, alikiacha kigonge kidogo, kisha akainuka kwenda kuzima jiko. Akamimina chai vikombe viwili. Akasimama akivitazama, akairudisha chai ya kimoja ndani ya birika. Hakuhuzunika. Siku hizi hakuhuzunika wala hakufurahi. Miguu ilikwenda yenyewe, naye aliifuata.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya Mkaguzi.

Mara mbili mfululizo Mkaguzi alikuwa amemkatalia shati. La kwanza lilikuwa na uzi unaoning'inia kwenye pindo. La pili lilitoka ng'ambo, linang'aa kama sahani mpya. Mkaguzi alisoma lebo, akalitupa sakafuni, akamgeuzia mgongo.

"Ukiniletea tena takataka, usikanyage hapa," alisema.

Na Mkaguzi hakuwa mtu wa kutania. La leo likikataliwa, basi, ule mlango hautafunguliwa tena.

Mama wa duka alikuwa bado anafagia kizingiti alipomwona.

"Mzee Mashati! Leo umewatangulia kuku. Karibu, baba."

"Nataka la mikono mirefu. Lenye kola ya kufunga kwa vifungo. Lililoshonwa hapa kwetu."

"Kama kawaida yako. Hilo kabati lako halijapasuka tu? Au unajiandaa kufungua duka uniue kwa njaa?"

"Ni la kumwonyesha mtu."

"Mtu mwenyewe ana macho huyo!"

"Ana vidole," mzee alisema. "Afadhali angekuwa na macho."

Mama wa duka alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtolea kigoda, akakiweka mlangoni palipo na mwanga, akarudi kwenye ufagio wake bila kumharakisha.

Mzee aligeuza kila shati, akaanza na upande wa ndani, kama alivyofundishwa. Akavuta mshono wa bega. Akahesabu tundu za sindano ndani ya upana wa kidole gumba. La kwanza mishono yake ilikuwa mirefu, ya mtu mwenye haraka. La pili, matundu ya vifungo yalikuwa na manyoya ya nyuzi zilizochomoka. La tatu lilimdanganya kidogo, mpaka alipoona mistari ya mfukoni haikutani na mistari ya kifuani.

"Haya," mama wa duka alisema, akainama chini ya meza. "Hili nilikuwekea tangu juzi. Nilikuwa nakutazama tu kama utayapitisha yale."

Lilikuwa jeupe, lenye mistari myembamba ya buluu iliyopita juu ya mfuko kana kwamba mfuko haupo. Tundu kumi na tano kwa kidole gumba. Kwa ndani, pembeni, kifungo cha akiba. Na lebo ya kiwanda cha hapa nchini. Mzee alilikunja mwenyewe, akatoa pesa.

Jengo alimokaa Mkaguzi lilikuwa refu, la kijani. Mlinzi wa getini alimfungulia bomba anawe vumbi mikononi. Ndani ya korido akakutana na dada wa zamu, anatembea haraka na daftari kwapani.

"Leo yuko vizuri," dada alimnong'oneza. "Wahi."

Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha dirishani, mgongo wima, miwani kifuani.

"Hodi, Mkaguzi."

"Karibu, muuzaji. Weka mezani. Usilikunjue wewe, mikono yako ina jasho."

Akalikunjua mwenyewe, akafumba macho. Vidole vilitembea juu ya kola, vikashuka kifungo kwa kifungo. Mzee alisimama. Moyo wake, uliokuwa umekaa kimya wiki nzima, ukaanza kudunda.

"Kifungo kina shingo. Kimezungushiwa uzi vizuri," Mkaguzi alisema. "Limeshonwa wapi?"

"Hapa kwetu. Lebo hiyo hapo."

"Hawa wanajua kazi. Mimi niliwahi..." Neno likampotea. Akalitafuta dirishani.

"Uliwakagulia miaka thelathini. Kila mtu anajua."

"Sikukuuliza." Akageuza shati, akaligeuza tena. "Limepita."

Mzee akajikuta amekaa.

"Nani kakwambia ukae?"

"Samahani."

"Kaa, kaa. Umelitafuta, naona." Akamwangalia shingoni. "Lakini kola yako imekunjamana. Huna mke?"

"Ninaye."

"Basi mvivu."

"Hapana. Kwa pasi hakuna anayemfikia."

"Sasa kakuachaje utoke hivi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Yuko mbali kidogo siku hizi."

"Pole," Mkaguzi alisema, na alimaanisha. Akainuka na lile shati, akalipima kifuani pa mzee, akanyoosha mshono wa bega kwa kiganja. "Tulia. Mume wangu ana mabega kama haya haya. Litamkaa."

Dada wa zamu akaingia na kikombe cha maji na vidonge viwili kwenye kisahani.

"Mama, saa ya dawa. Ehee, leo mumeo kakuletea shati zuri!"

"Mume wangu yuko kazini, mwanangu," Mkaguzi alimjibu kwa upole. Akalikunja shati pindo kwa pindo, akampa mzee, akainama karibu naye ili dada asisikie. "Wewe uje tena Jumamosi, muuzaji. Atakuwepo. Mtapatana tu, naye ni mkimya kama wewe."