Goti la Nabii

Kwenye fomu ya kliniki, Nabii Cephas aliandika uongo mara tatu. Jina: Mosoti. Kazi: mkulima wa miwa. Dini: hana.

Gari aliliacha mbali, akaja akichechemea kwa kofia ya sufu na miwani nyeusi. Ilikuwa Homa Bay, mbali na macho ya watu wake. Kwao Awendo alijulikana kwa kuponya magoti. Kila Jumapili wagonjwa walijipanga mbele ya jukwaa, akawaamuru watupe fimbo, wakatupa. Fimbo zilirundikwa nyuma ya madhabahu zionekane. Waliorudi Jumatatu kuzitafuta waliambiwa imani yao imepungua.

Lakini goti lake mwenyewe lilikuwa limemtesa miaka minne, na aliliombea mpaka sauti ikakauka.

Nesi, binti aliyeitwa Caren, alimlaza kitandani. Daktari, mwanamume mnene mwenye barakoa, alikuwa ameshaketi kando ya mashine.

"Mzee Mosoti, goti lenyewe limelika, hilo siwezi kulirudisha," alisema. "Nitapitisha sindano nyembamba hadi kwenye neva zinazopeleka maumivu, nizichome kwa joto. Zikinyamaza, utatembea vizuri kwa miezi mingi. Hakuna kupasuliwa, na leo leo unarudi nyumbani."

"Kovu litaonekana?"

"Alama tu, kama umeumwa na mbu."

"Kwa hivyo watu hawatajua."

"Watu gani?"

Cephas akaivuta kofia hadi kwenye nyusi.

Ganzi ikaingia, kisha sindano tatu, moja baada ya nyingine, daktari akifuata picha kwenye skrini. Cephas, aliyezoea kukemea mapepo mbele ya umati, alimshika Caren mkono kama mtoto. Joto lilipoanza, ulimi ukamponyoka.

"Toka," alinguruma kwa sauti ile ya jukwaani. "Toka, nimesema."

Daktari akainua uso, akamtazama kitambo, akarudi kwenye kazi yake.

Nusu saa baadaye Cephas alisimama. Akapiga hatua tano bila kuchechemea, akageuka, akapiga tano nyingine. Tayari alikuwa akiupanga ushuhuda wa Jumapili: malaika, usingizini, mkono wa moto.

"Caren, tuachie nafasi kidogo," daktari alisema.

Nesi akatoka. Daktari akainuka taratibu, akaenda akishikilia meza mpaka mlangoni, akafunga kwa ufunguo.

"Wewe si Mosoti."

Cephas aliona jina lake likitajwa redioni, aliona foleni ya vikongwe wakidai fimbo zao.

"Sauti hiyo naijua," daktari aliendelea. "Mke wangu huisikiliza redioni kila asubuhi. Mimi pia, nikiwa nakunywa chai."

"Daktari, sisi ni watu wazima, tunaweza kuelewana," Cephas alisema kwa upole. "Niambie tu unachotaka."

Daktari akavua barakoa. Akaketi kitandani, pale pale Cephas alipokuwa amelala, akakunja mguu wa suruali mpaka goti likatokea, limevimba kama papai.

"Niombee, Nabii," alisema. "Mimi sindano naziogopa."